Anayesukwa Ndiye Anayesoma

Tarehe 3 Machi

Mwanangu,

Salamu nyingi kutoka saluni. Mimi mzima, ila miguu inanung'unika kwa kusimama kutwa. Wewe je, kile kikohozi kimekuacha?

Boksi la vitabu limefika. Asante sana, na uwashukuru wenzako hapo kiwanda cha kushona vitabu kwa kutovitupa. Kurasa zikikatwa upogo sisi hazitusumbui. Siku hizi tuna sheria: anayesukwa ndiye anayesoma, tena kwa sauti, maana mikono yangu haina nafasi. Aliye chini ya mashine ya kukausha kazi yake ni kupiga kelele, "Rudia hapo!"

Maoni ni haya. Kile cha mpishi aliyeoa mara tatu, mteja wangu mkunga anasema hata mke wa kwanza hakumstahili. Kitabu cha nyuki kimetushinda sote isipokuwa Mama Kelele, anayekisifu kila siku, na akiona nyuki anakimbia na taulo kichwani. Kile cha upelelezi hakina kurasa za mwisho. Tukapiga kura: muuaji ni daktari wa meno. Ukijua ukweli, usituambie.

Umetukosha roho, mwanangu.

Shangazi yako


Tarehe 19 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Kikohozi kimekwisha, nakula vizuri. Huyo daktari wa meno amenichekesha mpaka msimamizi akanikata jicho.

Natuma kingine, chenye jalada la kijivu, hakina jina la mwandishi. Kimeandikwa na mtu wa hapa kazini. Mchapishaji anakisubiri hadi mwisho wa Mei, na mwenyewe hajui akipeleke au akitie moto. Anataka kusikia watu wasiomjua. Semeni kweli, msimwonee haya.

Mwanao


Tarehe 10 Aprili

Mwanangu,

Hali zetu nzuri, nadhani na kwako pia.

Mwambie huyo mwenzako ametuweza! Msichana amefiwa na baba, anachukuliwa na shangazi yake, tena msusi. Nikasema, kumbe wasusi tupo wengi. Kwenye sura ya mazishi Mama Kelele alilia hadi nikashindwa kumshika kichwa. Mwalimu wa hesabu analalamika kuhusu sura ya tatu: mtu gani anavaa viatu kurasa nne? Yule shangazi tunampenda. Ana mdomo, lakini moyo anao. Tumemaliza sura ya nane na watu wanagombania zamu ya kusukwa.

Shangazi yako


Tarehe 18 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Nakuomba sana, msisome sura ya tisa.

Mwandishi ni mimi. Labda ulishaanza kushuku. Sura hiyo niliitoa kwenye nakala yenu kabla ya kuishona, au nilidhani niliitoa. Leo nimeikuta ya kumi kwenye droo yangu, kumbe niliyoitoa ni hiyo. Miaka saba nashona vitabu vya watu sijakosea, nimekuja kukosea changu!

Ni ile siku ya daftari. Shangazi, ulinilea, ukanisomesha, ukala mwisho ili mimi nishibe. Sikuandika kukuumbua. Nilijaribu kuiruka siku ile, kitabu kikagoma kwenda mbele. Ukisema niitoe, naitoa. Ukisema nikichome chote, nakichoma, wala sitanung'unika. Nijibu tu.

Mwanao


Tarehe 9 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Ni wiki tatu sasa. Kitabu bado kiko kwangu. Naulizia hali yako tu.

Mwanao


Tarehe 20 Mei

Mwanangu,

Mimi mzima, ondoa wasiwasi. Pole kwa kukuweka roho juu.

Barua yako ilikuta sura ya tisa imeshasomwa. Zamu ilikuwa ya Mama Kelele, na sauti yake unaijua, hata muuza viatu wa nje alisikia. Alisoma jinsi shangazi alivyolichana daftari la hadithi za mtoto wa miaka kumi na mitatu, akazigeuza karatasi za kuviringia nywele za wateja. Na mtoto akashinda anafagia huku akiyaona maneno yake vichwani mwa watu. Kwamba nililichana, nilikumbuka. Kwamba ulikuwa unayaona, sikuwahi kufikiria.

Wateja wakamshukia yule shangazi. Mkunga akasema mwanamke huyo hana utu. Mama Kelele akaapa akimpata atamtia adabu. Mikono yangu ikasimama yenyewe. Nikawaambia, "Basi umeshampata. Ni mimi." Baadaye Mama Kelele akasema, kwa kisauti ambacho sikujua anacho, "Nimalizie upande huu kwanza."

Sikukujibu kwa sababu ya aibu. Hasira sikuwa nayo. Umeandika kwamba shangazi hakulisoma lile daftari. Alilisoma. Humo ndani baba yako alikuwa anafungua mlango, anaingia, anauliza kama maji ya kuoga yapo. Kaka yangu nilikuwa nimemzika miezi minne tu, mwanangu. Nilifika hapo kwenye maji, nikachana. Ilinipasa nikuambie siku ile ile. Nisamehe.

Unanishukuru kwa kukulea. Nami nakushukuru, tena kwa moyo wote, kwa sababu bila sura hiyo ningeenda kaburini nikijiona sina deni nawe. Na mtoto yule amepata watetezi saluni nzima, pale pale alipokosa hata mmoja.

Sasa maoni yangu, kwa kuwa uliyaomba. Sura ya tatu ifupishe, mwalimu kasema kweli. Ya kumi ututumie haraka, watu wananidai mimi. Ya tisa usiiguse. Na hiyo sababu niliyokupa ya maji ya kuoga, usiitie kitabuni. Msichana hakuijua siku ile. Acha wasomaji wamkasirikie.

Kipeleke, mama. Siku zimebaki chache.

Shangazi yako, yule wa sura ya tisa