Daktari Aliyekata Kamba ya Heedho

Masalani

Na ndiyo sababu nakuomba, Wendy dada yangu wa bwenini, usiifute ile hadithi niliyokutumia kwenye simu, hata kama kazi zimekubana hapo Garissa. Tazama, nimekimbilia maneno kabla ya salamu. Hujambo? Mama yako je, kifua chake kimepoa? Sisi huku alhamdulillahi ni wazima, na mimi nimezidi uzima. Abdiwahid akitoka kwenda kufungua duka lake la dawa, hurudi kutoka langoni kana kwamba amesahau kitu, kumbe anataka kuniona tu. Ndoa ni tamu, dada.

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu simu yangu husomwa na mawifi wote.

Unanijua. Mimi na vichekesho hatupatani. Bwenini mlipokuwa mkicheka, nilikuwa nageukia ukutani nimlilie Daktari Sarhani wetu wa tamthilia ya runinga, na macho yake ya huzuni. Basi kuna shabiki mmoja asiyetaja jina lake amemwandikia daktari huyo hadithi mpya, sura baada ya sura, akamleta huku kwetu kuoa. Soma ile ya heedho. Unakumbuka nilikueleza: chombo cha nyama kavu na samli, kinavishwa na kufungwa kamba kama bibi harusi mdogo, na upande wa bwana harusi lazima uitafute ncha na kufungua kwa subira, huku wanawake wakiwakejeli. Kukata ni aibu kuu. Daktari anaitafuta ncha mpaka anatoka jasho, kisha anaomba kisu cha upasuaji, anafumba macho na kukata. Nilicheka mpaka mbavu zikaniuma, mimi Idman.

Kosa langu lilikuwa kutaka wengine wacheke. Alasiri moja wanawake walikuja kukaa nami, kama wanavyokaa na kila bibi harusi, nikawasomea kwa Kisomali. Daktari alipokata kamba, waliangushana kwa kicheko. Mama mkwe wangu, ambaye kwa heshima namwita Eddo Nasteho, aliweka kikombe chini, akatoka. Kicheko kikakatika. Shangazi mmoja akaninong'oneza kwamba nimemvua nguo mama wa mume wangu mbele ya watu. Kumbe katika harusi yake mwenyewe, marehemu mumewe, Mzee Issack, aliikata kamba kwa wembe. Upande wa mume ulitozwa faini ya mtamba, lakini mtamba si kitu. Miaka mingi kisimani wanawake walimwita Mke wa Wembe, wakimuuliza kama leo amekuja kuteka maji au kunyoa watu.

Tangu hapo hakugusa chakula nilichopika. Salamu yangu aliijibu akiutazama ukuta. Wifi mkubwa alisema nimetoka Garissa kuja kufukua makaburi ya watu, na shangazi akapendekeza nirudi kwa mama nikapumzike kidogo. Wendy, bibi harusi anayetumwa kupumzika harudi tena, watu huja tu kumfuatia sanduku. Abdiwahid naye akawa hali chakula, hanitazami. Nilidhani amechagua upande wa mama yake. Nililia hata nikaanza kukunja nguo zangu.

Ijumaa baada ya swala, Eddo alituita sote wawili. Alinitaka nimtaje aliyeandika, maana habari za wembe wanazijua wengi, lakini kwamba bwana harusi alifumba macho alipokata, akiwa amewapa watu mgongo, hilo halijatoka nje ya nyumba yake. Nilimwapia sijui, na kweli sikujua. Ndipo Abdiwahid, jasho likimtiririka, akamwambia mama yake, ni mimi, hooyo.

Mume wangu, Wendy. Yule mwandishi niliyemngojea kila juma, tangu kabla hata ya posa, ndiye aliyekuwa akilala ubavuni mwangu. Alisema alihadithiwa na baba yake, na aliogopa kuniambia kwa kuwa nilijisifu kwamba vichekesho ni vya watu wapuuzi.

Eddo akasema hadithi hiyo ni ya uongo. Daktari anakata kwa ujinga, na mumewe hakuwa mjinga. Ncha aliiona mapema sana. Alimwambia usiku ule kwamba hakutembea kutoka Sangailu kuja kufungua kamba, alikuja kumchukua yeye, na shangazi zake walikuwa wanamchelewesha. Kisimani walikumbuka wembe tu, na maneno yale hakuna aliyewahi kumuuliza.

Akamwamuru Abdiwahid aiandike upya, maneno ya baba yake yawemo. Mimi akaniambia niisome kabla haijatumwa, kwa kuwa mwanawe tangu utotoni huacha mambo ya maana nje. Kisha akauliza kama kuna chakula.

Nisalimie Mama na wote wanaoniulizia. Kabla mwezi huu haujaisha tutakuja kwenu, mimi na wangu wa moyoni, na Eddo amesema hatabaki nyuma. Uwe umeshaisoma, dada, kwa maana atakuuliza kama ulicheka, na ulichekea wapi.

Akupendaye,
Idman wa Abdiwahid