Skrubu Mbili za Maher

Chake Chake,
9 Machi 1996

Dada yangu mpenzi Mwanawema,

Assalamu alaykum. Natumai barua hii itakukuta huko Mkoani u mzima, wewe, shemeji na watoto, na lile jino limeacha kukusumbua. Mimi sijambo, tena sijambo ya kuona haya kuisema, maana Maher ananidekeza. Akirudi kazini huniletea asumini ndani ya mfuko wa shati, zimeshapondeka, nami nazivaa vivyo hivyo. Nilidhani mapenzi ni ya vitabuni tu. Kumbe yana mtu wake, na ana kishimo shavuni!

Siku ya harusi uliniuliza lile libao lililojaza ukumbi ni la nini. Ni barabara ya vigari vya umeme, aliileta ami yao kutoka Maskati. Ina mifereji miwili, na kila kigari, kidogo kama kipande cha sabuni, hutia ulimi wake mferejini kikavuta umeme. Maher na mdogo wake Himid, tuliyekuwa tukikaa naye, wana kigari chao kimoja. Himid ni wa chama kile, Maher wa hiki, na unajua tangu mwaka jana watu walivyofika hadi ya kutozikana. Wao walikula sinia moja, wakabishania kigari tu.

Jioni moja Maher alinikalisha karibu yake anifundishe. Alisema kukimbia si kitu, kazi iko kwenye kona. Chubwi la risasi la kuvulia samaki wamelibonda likawa bapa, wakaligandisha kwenye chasisi, ule ubao wa chini unaobeba magurudumu, ili kigari kiwe kizito chini kisipinduke. Mipira ya magurudumu huipiga msasa iwe sawasawa. Kuhusu skrubu alisema pia, lakini hapo ndipo aliponishika mkono, nami sikusikia tena kitu.

Idi pili watu walijaa ukumbini. Moosa, yule wa duka la vitambaa, alikuja na kigari chake kushindana nasi. Kona ya kwanza tu, chetu kikaruka nje kikampiga mguuni Mzee Sheha aliyekaa mbele. Kikarudishwa, kikaruka tena, mara tano. Moosa akauliza kama kigari chetu bado kimefunga, maana Idi imefika na hata kusimama hakiwezi. Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Maher akakigeuza, akaigusa bodi, lile gamba la juu lililofungwa kwa skrubu kwenye chasisi, haitikisiki hata kidogo. Akasema kuna mtu amekaza skrubu.

Jana yake Himid alikuwa amekichukua kukijaribu. Maher akamuuliza mbele za watu. Himid akaapa kwa Mola wake kwamba hakugusa skrubu. Mtu mmoja mlangoni akasema ndiyo vyama hivyo, vimeshaingia mpaka ndani ya nyumba. Maher akanyamaza. Himid akakusanya nguo zake akahamia Mgogoni kwa mama yao. Leo ni siku ya kumi na saba hawasemezani, na barazani hakuna anayetaja kigari tena. Wanasema Himid alitumwa na chama chake kumfedhehesha nduguye.

Dada, ni mimi.

Asubuhi ya Idi pili nilikuwa nimefukiza kanzu ya Maher udi, nikakichukua na kigari nikifute vumbi, nikasikia bodi inagongagonga. Nikamkumbuka somo wangu aliyenifunda, Bi Kazija, alivyonambia katika fungate kwamba cha mume kikilegea, mke hukikaza kabla hajaambiwa. Nikatia ncha ya kisu, nikakaza skrubu zote mbili mpaka kisu kikapinda. Nilijiona mke hodari! Kumbe wenyewe huzilegeza makusudi nusu duru, bodi icheze, chasisi ibaki imetulia njiani. Hayo Maher aliyaeleza mbele ya watu, mimi nimesimama nyuma ya pazia na sahani ya halua. Maneno yalinifika kooni nikayameza. Niliogopa asije akaacha kuniletea asumini. Kwa ajili ya asumini, dada, nimemwacha mtu aitwe msaliti wa nduguye. Na bado ananiletea. Nikizivaa natamani ardhi inimeze.

Hapo niliacha kuandika nikampa Maher asome. Alisoma mara mbili. Hakunifokea. Aliniuliza tu kwa nini siku kumi na saba. Akatia kigari na bisibisi katika mfuko ule ule wa asumini, akanambia nivae buibui, maneno haya ni ya kinywa changu, nikayaseme Mgogoni mbele ya Himid na mama yao. Akasema yeye naye ana yake ya kusema, kwani skrubu nilikaza mimi, lakini aliyemnyamazia mtu wa mlangoni ni yeye.

Vespa imeshawaka nje, naye ananiita. Nisalimie shemeji, wabusu watoto, na hapo niliposema ni mimi usimsomee mtu. Niombee ulimi usinigande nikimwona Himid.

Ni mdogo wako mwenye haya,
Laila