Kaseti ya Kibuyu Majini

Kasongo, tarehe 11, mwezi wa pili 2024

Yaya Feza, dada yangu mukubwa,

Asalam aleikum, wewe na watoto na wajukuu wote wa hapo Wamaza. Magoti yako yanaendeleaje? Sisi huku tuko wazima. Mvua inatusumbua, njia ya sokoni imekuwa matope matupu, na kila siku wateja wananiletea simu zilizolowa. Fundi wa simu hawezi kuilaumu mvua.

Yaya, kaa chini kwanza. Unakumbuka kaseti yetu, Kibuyu Majini, ile tuliyorekodi mwaka wa themanini na nane ndani ya depo, ile ghala ya baba? Imefufuka! Kuna kijana wa Kinshasa anaitwa André, kazi yake ni kutafuta muziki wa zamani uliopotea. Ameikuta kaseti moja kwa mujane wa dereva wa lori kule Kindu. Ameisikiliza, karibu alie. Mwezi wa tano wanaitoa upya, album nzima, nyimbo zote nane, kwenye zile santuri kubwa nyeusi na kwenye simu. Anasema vijana wa Kinshasa na wa Ulaya wanahangaika leo kutafuta muziki wa namna ile ile: sauti moja ya chini, maji, gitaa kidogo, hakuna kelele. Anasema tulikuwa mbele ya wakati wetu. Mimi na wewe, Yaya! Kasongo walitucheka, kumbe wao ndio walikuwa nyuma miaka thelathini na sita.

Usijisumbue na makaratasi, nimeshayamaliza yote mimi. Nina ombi moja tu. Wimbo wa sita, "Duka Lako na Kufuli Lako", katikati kuna maneno ya lugha ya Kizimba ambayo siyasikii vizuri. Niandikie, pamoja na maana yake. Mahamudu wa pikipiki atangoja jibu kabla ya kurudi.

Mudogo wako,
Kamaldine


Wamaza, tarehe 15, mwezi wa pili 2024

Kamaldine,

Aleikum salam. Magoti yanauma, asante kwa kuuliza. Watoto wazima, karanga zimeota vizuri. Salamu zimeisha, sasa nisikilize.

Mbele ya wakati! Nani alikuwa mbele ya wakati? Mimi sikuwa mbele ya kitu chochote. Nilikuwa hapo hapo Kasongo, nimesimama na ile mikro yenye kutu, mwaka ule ule, siku ile ile. Nyimbo zilikuwa za siku ile. Watu walikuwepo na masikio walikuwa nayo. Walikataa, basi. Usiwatafutie leo sababu nzuri. Ukisema album ilikuwa mbele ya wakati, hakuna mutu mwenye kosa tena, kosa linakuwa la kalenda.

Ngoja nikukumbushe, maana naona fundi wa simu amefuta mengi. Tuliipiga kaseti kwenye harusi ya baba mudogo. Wanaume wamekaa wanangoja sebene, ule mwendo wa haraka wa gitaa, wainuke wacheze. Sebene haikuja. Naimba mimi kama wanawake wanavyomwimbia bibi harusi ndani, rafiki yangu Malaika anapiga kibuyu kilichofunikwa juu ya beseni la maji, na wewe unatia gitaa hapa na pale. Wakacheka. Halafu wakasikia maneno ya wimbo wa sita, binti anamukataa tajiri na maduka yake, wakaacha kucheka. Mutu akaichomoa kaseti. Kesho yake baba akatuita. Na wewe ukasema nini? "Ni mambo ya Yaya, mimi nilishika gitaa tu." Ulikuwa unaangalia vidole vya miguu yako, nakuona mpaka leo.

Mwezi ule ule nikaozwa huku Wamaza, kwa mutu mwenye maduka mawili na makufuli manne, Mungu amurehemu. Na kaseti zetu thelathini? Ulibandika karatasi kwenye vitundu vyake ili zikubali kurekodiwa tena, ukarekodi maulidi juu ya sauti yangu, ukaziuza mulangoni pa musikiti. Ishirini na tisa! Hiyo moja imepona kwa sababu dereva alishaondoka nayo.

Maneno ya Kizimba sikupi. Anayeyataka aje aniulize mimi. Umupe huyo André namba ya mutoto wangu Rachida, anapanda kilima cha rezo, kule simu inakoshika, kila siku ya soko. Na unijibu hili: umewaambia nini juu yangu?

Yaya yako,
Feza


Kasongo, tarehe 3, mwezi wa tatu 2024

Yaya mupenzi,

Salamu nyingi na pole ya magoti. Mahamudu anakuletea dawa ya kuchua na vipande sita vya sabuni. Natumaini barua hii itakukuta umepoa.

Yaya, nilikuwa mutoto wa miaka kumi na tisa. Unamujua baba alivyokuwa. Leo mambo yamegeuka mazuri, kwa nini turudi kule kule? Namba ya Rachida nimeiandika, nitamupa André akipata nafasi, ni mutu wa shughuli nyingi. Juu yako nimewaambia mazuri matupu. Nimewaambia sauti kama yako haijazaliwa tena Maniema nzima. Jina lako litakuwa kwenye karatasi ya album, herufi kubwa, na picha yako juu. Usiwe na shaka yoyote.

Ila yale maneno ya Kizimba, tafadhali. Wanangoja.

Mudogo wako,
Kamaldine


Wamaza, tarehe 9, mwezi wa sita 2024

Kamaldine,

Leo sikuulizi habari ya afya. Nakuuliza ya kwangu: mimi ni muzima au nimekufa? Wewe ndiye unayejua.

Jumatano asubuhi niko uani naanika muchele. Nasikia vilio vinatoka barabarani. Nikasema, masikini, nani tena ametutoka? Nikafunga kitenge kiunoni, nikatoka mbio nikalie na wenzangu. Zinakuja pikipiki sita, wanawake kumi na moja wamejifunga vitambaa, na wa kwanza kushuka ni Malaika wangu wa Nyangwe, ambaye sijamuona tangu niolewe. Analia, "Feza wee, Feza mwenzangu, umeniacha na nani!" Na mimi nalia, sijui namulilia nani. Alipofungua macho akaniona, alikaa chini pale pale kwenye matope.

Wamesikia kwenye redio hapo Kasongo. Imepiga album nzima, kisha mutangazaji akasoma karatasi yake: "Sauti ni ya marehemu Feza binti Sumaili, aliyefariki zamani kule Wamaza, katika Kabambare. Nyimbo zote zimetungwa na ndugu yake Kamaldine." Marehemu! Watu wazima wamevuka muto, wamekaa juu ya pikipiki siku mbili, wamenunua mbuzi wa hitima yangu! Na unaijua desturi, mutu akishafika kwenye kilio hageuki siku ile ile, ni mukosi. Wakakaa siku tatu. Nimewatandikia mikeka waombolezaji wangu mwenyewe, Kamaldine. Nimepika wali wa kilio changu. Majirani wanakuja kutoa pole, wananikuta nachota maji. Mujukuu wangu wa miaka minne ananiuliza kama nitarudi tena kaburini jioni.

Siku ya pili Malaika akaomba beseni na kibuyu. Akasema, "Tumekuja kwa ajili ya sauti yako, basi tuisikie." Tuliimba zote nane. Sauti imeshuka, imekuwa nzito, lakini iko. Rachida aliturekodi na simu. Na huyo Malaika, je? Mimi angalau umeniua. Yeye kwenye karatasi yako hayumo kabisa, kana kwamba kibuyu kilijipiga chenyewe.

Sasa sikia. Uende kwenye redio hiyo hiyo, useme kwa mudomo wako kwamba Feza yuko hai, na kwamba nyimbo ni zake. Una mwezi mumoja.

Yaya yako, muzima,
Feza


Kasongo, tarehe 28, mwezi wa sita 2024

Yaya,

Nianze kukusalimia vipi? Naona haya hata kuuliza magoti. Naomba radhi kwako na kwa Malaika na kwa wale mama wote.

Nitakuambia ilivyokuwa. André alikuwa ananiuliza kila siku, "Nataka kuongea na mwimbaji." Nilijua ukifungua mudomo utamwambia yote, ya baba, ya maulidi. Nikawa nasema barabara mbaya, rezo hakuna. Siku moja akaniuliza taratibu, "Au Mama alishafariki?" Nikanyamaza. Akasema, "Pole sana." Nikasema, "Asante." Ndiyo hivyo tu, Yaya. Neno "amekufa" sikulitamka. Nilisema asante. Basi likaandikwa, likachapwa, na mimi nikashindwa kulirudisha.

Miaka thelathini na sita natengeneza redio za watu ili wasikie wengine. Sasa nikipita sokoni wananiita Maestro. Vijana wanakuja dukani na magitaa yao. Mwisho wa mwezi wa nane kuna tamasha kubwa Kinshasa, wananiita nipande jukwaani. Niache nipande mara hiyo moja. Nikirudi nitakwenda kwenye redio, nitasema kila kitu, haki ya Mungu. Wewe uko Wamaza na mashamba yako na wajukuu, umri huu una faida gani na jina kwenye karatasi?

Nakuomba kwa jina la mama yetu.

Mudogo wako,
Kamaldine


Kasongo, tarehe 4, mwezi wa nane 2024

Yaya,

Salamu. Hujajibu. Mahamudu anaapa barua alikutia mukononi. André hapokei simu yangu wiki ya tatu sasa, na habari ya tamasha haisemwi tena. Umefanya nini? Nimepita mbele ya redio mara tatu, mara zote nimesimama mulangoni nikarudi. Niandikie, hata kama ni matusi.

Mudogo wako,
Kamaldine


Wamaza, tarehe 22, mwezi wa tisa 2024

Kamaldine,

Asalam aleikum. Magoti ni yale yale, na wengine tuko wazima. Bibi yako na watoto uwape salamu, wao hawana kosa.

Sikukujibu kwa sababu ya ule mustari wako, "una faida gani na jina". Niliusoma mara nne. Kila nikishika kalamu sipati neno lisilo tusi, na barua ni Mahamudu anayeibeba, ni mutoto wa watu, sikutaka abebe uchafu. Kwa hiyo siku ya soko nilipanda kilima cha rezo mwenyewe, na fimbo, na magoti haya haya, masaa matatu. Namba ya André haikuwa siri, iko kwenye simu chini ya album yangu. Rachida alimutumia nyimbo tulizoimba siku za kilio. Akapiga papo hapo. "Mama, naongea na nani?" Nikamwambia, "Na marehemu."

Alikuja. Pikipiki imemuharibikia njiani mara mbili, amefika ana matope mpaka masikioni, akapiga magoti mbele ya watu akaniomba radhi, yeye ambaye alidanganywa. Malaika nilimwita, akaja. Tumekaa siku nne, tumerekodi nyimbo nyingine tatu. Karatasi ya zamani inatupwa, wanachapa mpya. Ndipo André akaniuliza, "Mama, na mudogo wako tufanyeje? Nyimbo ni zako. Ukisema tumufute, tunamufuta." Nikamwomba siku moja.

Wallahi nilitaka. Muchana kutwa nilikaa na utamu wake. Nikuandike "gitaa: mutu asiyejulikana". Ukae dukani mwako unasikia redio inapiga vidole vyako, na hakuna anayegeuka kukuangalia. Nani angenilaumu? Hata mama angetoka kaburini asingenilaumu.

Halafu André akanipigia ile kaseti ya zamani, ambayo mimi sikuwahi kuisikia tena tangu ile harusi. Wimbo wa tatu, nachelewa kuingia. Pumzi iliniishia, nakumbuka. Na wewe hukunipita. Umeishika ile nota moja, umeizungusha, umeizungusha, mpaka mimi nikarudi. Hakuna aliyekufundisha. Nililia, na hasira yangu ikawa kubwa kuliko siku ile ya waombolezaji, kwa sababu gitaa lako ni zuri, Kamaldine. Lingekuwa baya ningekuwa nimeshakusahau. Mutu anayejua kunisubiri namna ile, alishindwaje kusimama na mimi mbele ya baba dakika moja tu?

Basi karatasi imeandikwa hivi. Nyimbo na sauti: Feza. Kibuyu: Malaika. Gitaa: Kamaldine. Herufi zote sawa. Hakuna maestro na hakuna marehemu. Ndicho ulichofanya, sikuongeza na sikupunguza.

Usije Wamaza. Dawa na sabuni usitume. Hasira bado ninayo na sijui itaisha lini, ikiisha nitakuandikia mimi. Ijumaa baada ya sala ya muchana redio ya Kasongo itanipigia hapa kilimani kunihoji, nimewaahidi nitapanda. Nitawaambia yote: ya baba, ya maulidi, na ile asante yako. Sitaficha hata moja. Uifunge simu ya mutu unayoitengeneza, ukae, usikilize. Na watakaponiuliza ni nani huyo anayepiga gitaa, nitasema jina lako, na nitasema ni mudogo wangu.

Yaya yako,
Feza