Vyuma Laini vya Karavani

Jumatatu, 2 Juni 1997
Wiki tatu, pengine nne. Kasema daktari (gazetini tumezoea kutaja chanzo), mlangoni, ili mke wangu Specioza asisikie. Alisikia. Tuliporudi Nyegezi akasema anataka kwenda Kamachumu kwa mama yake. Mama haoni tena, hawezi kuja huku. Meli hataki kuisikia tangu ile izame ziwani mwaka jana. Kwa basi, mifupa yake haitavumilia. Kuna padri aliyerudi kwao ameniachia karavani, nyumba ya magurudumu ya kuvutwa na gari. Ina kitanda.

Jumatano, 4 Juni
Jaribio, barabara ya Misungwi. Specioza mbele pamoja nami; fundi Ndalahwa wa Mabatini nyuma ya pikapu. Karavani iliyumba vibaya — kitanda na maji viko mkiani. Tukavisogeza mbele. Haikuyumba tena, ila sasa pua yake, pale inapoungwa na gari, ikakandamiza nyuma ya pikapu, usukani ukawa mwepesi mno.
Tukapima pua kwa mizani ya pamba ya Misungwi, haina kazi maana msimu haujafunguliwa. Kilo 140. Ndalahwa anasema inahitaji vyuma vya springi vinavyorudisha uzito kwenye magurudumu ya mbele, pamoja na mkono wa kuzuia kuyumba. Akataka kujua na uzito wa abiria. Akatania: Wahaya bwana, hata mgonjwa anasafiri na nyumba!
"Mimi si robota la pamba," Specioza akasema. Lakini alipanda. Kilo 37. Nilisoma mara mbili.

Alhamisi, 5 Juni
Vyuma vya aina mbili. Vigumu: Ndalahwa anavyo, kesho tungeondoka. Ni vya mzigo mkubwa kuliko wetu, vitarusha mtikisiko wa kila shimo hadi kitandani. Laini: viagizwe Nairobi, siku saba. Siku hizi kila kitu kinaletwa.
Nimechagua laini.
"Tungekwenda na hivyo vigumu, Baba Odeta," Specioza akasema.
Nikamchorea jinsi mtikisiko unavyopanda. Akautazama mchoro. Akasema ni mchoro mzuri.

Jumatatu, 9 Juni
Mzigo umekwama Sirari, mpakani, karatasi moja haina muhuri. Kasema wakala, kwa simu. Labda bado Alhamisi. Specioza hajala tangu jana. Ameuliza mara moja tu kama vimefika.

Jumanne, 10 Juni
Specioza amefariki saa tisa alasiri. Kathibitisha Sista Paskazia, muuguzi wake. Chanzo cha pili ni mimi.
Mama yake anajua tunakuja. Hajui zaidi.
Ndalahwa alifika jioni, kofia mkononi. Akaniambia kwa sauti ya chini kwamba mzigo umevuka mpaka, Alhamisi upo hapa.
Nimemwambia afunge vile vigumu.
Akaniuliza sanduku litakuwa na uzito gani. Mchoro bado uko chini ya mto wa Specioza.
Kesho saa kumi na mbili asubuhi, Misungwi, mizani ya pamba. Kupima upya, kitanda kikiwa kimetolewa kupisha sanduku.