Mashine ya Babu Inayozimika Saa Nne

Keringet,
Tarehe 9 Machi 2025.

Mpendwa mjukuu wangu Jebet,

Nakusalimu na huu mkono wangu wa kukama. Unakula vizuri huko Kanada? Baridi imekuachia masikio? Mimi niko sawa, ni magoti tu yananigombanisha na ngazi za kanisa. Babu yako anapumua, na hiyo ndiyo habari yenyewe.

Anayeandika ni jirani yetu Tabby. Nimemwambia asipunguze ukali. Kwa simu unamjibu bibi yako "sawa kogo, sawa kogo," halafu laini inakatika. Karatasi haikatiki. Nimekasirika, Jebet.

Ile mashine ya oksijeni uliyomnunulia babu ilianza kuzimika. Asubuhi inawaka vizuri, babu anavuta hewa, anaitisha uji. Ikifika saa nne inalia kama mbuzi aliyefungiwa, inakufa. Ikipumzika, inawaka tena. Hapo katikati tunamkimbizia mtungi mdogo wa oksijeni wa kuazima zahanati, na mshale wake unashuka kila siku.

Nilikupigia, ukasema ni stima ya Keringet. Stima yangu umeionea wapi ukiwa Kanada? Taa zinawaka, redio inaimba. Stima gani hiyo inachagua mgonjwa?

Nikaibeba mpaka Nakuru kwa fundi Waithaka, mtaa wa Section 58. Akabadilisha fyuzi. Nyumbani ikazimika. Nikairudisha. Akasema pawa saplai imekufa, ile ndude ya ndani inayopokea stima na kuigawia mashine. Akaweka nyingine. Kwake iliwaka kutwa nzima, mimi nimekaa kwa stuli naiangalia. Nyumbani, saa nne, mbuzi! Safari ya tatu akaniambia mbele ya wateja, "Mathe, mashine ni nzima. Shida ni nyumba yako."

Nyumba yangu! Nyumba iliyokulea wewe! Nilimjibu maneno ambayo Tabby amekataa kuandika.

Alhamisi mshale wa mtungi ukafika kwa nyekundu. Babu yako alinishika mkono, hakuitisha hata uji. Unamjua, huyo si mtu wa kusahau uji. Nilikuwa na hasira mpaka machozi.

Mchungaji Micah ndiye aliyetuitia Mitchelle, fundi wa mtaa wa Free Area aliyezoea mashine za wagonjwa. Huyo alikataa kuletewa. Alisema ataiona pale inapoishi. Ijumaa akaja, akanywa chai, akangoja saa nne pamoja na sisi. Hakutoa hata bisibisi. Aliweka mkono juu tu. "Kogo, hii inachoma." Halafu akafunua kitambaa chako.

Ndiyo, kile cheupe cha maua ulichofuma ukiwa fomu tatu. Kanisa zima linakuja kumwona mgonjwa, na kwangu kitu cha sebuleni hakikai uchi. Viti vimevaa, redio imevaa, nayo mashine nikaivalisha mpaka chini. Kumbe mgongoni ina matundu ya kutolea joto. Hiyo pawa saplai ikichemka, inajizima isiungue. Kwa Waithaka ilikuwa haina nguo.

"Hata yeye anataka kupumua, kogo," akasema Mitchelle. Babu alicheka mpaka akakohoa. Mimi sikucheka. Karibu nimuue mzee wangu kwa usafi.

Tangu siku hiyo haijalia. Waithaka nitampelekea maziwa, lakini anajua bado nina neno na yeye. Mara tatu, na hakuuliza hata mara moja mashine inakaa vipi nyumbani! Na wewe usicheke huko. Miaka sita hujarudi nyumbani! Ungekaa na sisi asubuhi moja tu, ungekitoa hicho kitambaa kabla chai haijapoa.

Msalimie mume wako Kipkirui, na Zeddy mbusu mashavu yote mawili. Mungu akulinde njia zote, hasa ile ya kurudi.

Kitambaa nimekifua. Kiko magotini pa babu yako, hataki mtu akiguse. Anasema atakupa mkononi. Basi njoo ukichukue, akiwa na pumzi ya kukugombeza.

Ni mimi nikupendaye na hasira zangu zote,
Kogo Taprandich