Emil Vavrek: Mpira Haukuwa Mikononi Mwako

Mwaka umezunguka, Emil, ukarudi palepale ulipotuachia: asubuhi ya Novemba, ulipoweka kikombe mezani, ukasema umechoka kidogo, ukaenda kujilaza usiamke tena.

Familia imempa kalamu mdogo wako Rudolf. Shule aliisoma vipandevipande, miezi mitatu huku, mwaka kule, kwa hiyo asiyependa mwandiko wake atuvumilie. Alichotaka kukisema kimemkaa kooni miaka hamsini na saba.

Tunakukumbuka ukizoa theluji mlangoni kwa jirani, Bi Hrabovsky, kabla ya kuzoa ya kwako. Tunakukumbuka na mkate wako, nyama ya mafuta na kitunguu kibichi, halafu unawafukuza wajukuu uwabusu, nao wanakimbia wakipiga kelele. Miaka thelathini na minne katika kiwanda cha kamba za waya hukuchelewa hata siku moja. Na kila ulipopewa sahani mezani, ulisema wewe kwanza kabla hajasema mwingine: "Angalieni jamani, mnampa Mikono Sabuni!" Ulijiwahi mwenyewe, ili watu wasipate taabu ya kukucheka pembeni.

Ni kwa sababu ya jina hilo tumeomba nafasi hii gazetini.

Watu wa mji wetu wa Sutter Gap wanaijua habari ya mwaka 1953 kuliko wanavyoijua sala ya Baba Yetu. Chuo kidogo cha Penrick, watoto wa wachimba makaa watupu, mechi saba za mpira wa Kimarekani, ule wa kukimbia nao mikononi, ushindi saba. Ya nane ilikuwa dhidi ya Dunmoor, watoto wa wenye migodi. Mvua ilinyesha siku mbili, uwanja ukawa uji mweusi. Ilipofika robo ya mwisho namba za jezi zilikwisha kumezwa na matope, na ninyi wawili, wewe na Rudolf, kimo kimoja, bega moja, hata mama aliyewazaa asingewatenganisha.

Penrick walikuwa mbele, saba kwa sita. Sekunde arobaini zimebaki, mpira ni wao. Delbert Kline, aliyekuwa akipanga michezo, aliwainamisha vichwa pamoja akasema, "Anaushika Emil, upande wa kushoto. Ukumbatie, ulale nao chini, twende nyumbani."

Sasa, Penrick kulikuwa na desturi yao: filimbi ya mwisho ikilia, aliyeushika mpira anaondoka nao. Wewe ulikwisha kumpelekea baba mitatu mwaka ule. Ilikuwa juu ya kabati, karibu na kitanda alicholala akiugua, vumbi la makaa limemjaa kifuani. Rudolf hakuwa amepeleka hata mmoja.

Mkienda kusimama kwenye nafasi zenu, alikuvuta mkono wa jezi.

"Kaka, nipe mimi huu."

"Una wazimu? Nimetajwa mimi."

"Tubadilishane nafasi tu. Matope haya, nani atajua? Niache nimpelekee baba mmoja."

Ulimtazama. Ulikuwa na damu kwenye meno, ukacheka. "Haya, dogo. Lakini usikimbie. Unanisikia? Lala nao chini."

Alikimbia, Emil. Aliona uwazi mbele yake akaona na kabati la baba, akakimbia. Mpira ukamponyoka kifuani kama samaki. Kijana mmoja wa Dunmoor akauokota, akakata mbuga. Wewe peke yako ndiye uliyemfukuza, ukajirusha, ukabaki na kiatu chake. Akavuka nao mstari wa mwisho, Dunmoor wakashinda kumi na mbili kwa saba. Baadaye watu walisema kiatu kile ndicho kitu pekee ulichowahi kukishika, wakakubandika jina la Mikono Sabuni.

Katika chumba cha kubadilishia nguo, Kocha Burkett alikuwa hana rangi. "Emil! Nilikuomba ushike kitu kimoja tu duniani!"

Rudolf alifungua kinywa. Ukamkanyaga mguu kwa meno ya kiatu chako, ukasema, "Samahani, kocha. Mpira uliteleza."

Njiani ulimwambia sababu. "Mimi namaliza Mei. Wewe una miaka miwili bado ya kusomeshwa bure kwa ajili ya mpira. Wakikukata leo, kesho unashuka mgodini. Nyamaza."

Akanyamaza. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, walisema wahenga, naye aliona kweli haukuwa mzito, maana hakuwa ameubeba yeye.

Baba alikuwa amesikiliza redio. Hakukutukana. Aligeukia ukuta, akasema, "Mpira mmoja tu, Emil." Mpaka anazikwa Februari hakukuita tena uje ukae kitandani. Rudolf alikaa hapo wiki tatu, akamshika mkono, akamzungumzia hali ya hewa.

Kazi ya kufundisha mpira katika shule ya mji wetu ulikuwa umekwisha kuahidiwa. Wazee wa shule wakaulizana, "Watoto wetu tumpe Sabuni?" Ndipo ukaenda kiwandani. Naye yule uliyemwokolea masomo aliondoka chuoni Aprili, kabla ya mitihani, kwa kuwa hakuweza kukutazama usoni mezani. Alitandika reli Montana, akachuma tufaha Yakima, akasafisha samaki Alaska, akalaza mabomba Oklahoma. Ulimnunulia masomo kwa bei ya jina lako, akayatupa njiani.

Alikuwa akirudi kila baada ya miaka michache na kiapo kipya. "Kaka, leo nawaambia wote."

Nawe ulimjibu vilevile kila mara. "Umwambie nani? Mzee kafa. Kula supu, dogo, inapoa."

Naye akala. Kila mara akala.

Siku ya mazishi yako mzee Lutz, kinyozi, aliweka kipande cha sabuni nyeupe kwenye jeneza, kwa utani wa mapenzi, kama walivyokuwekea kwenye sahani siku ya harusi yako. Kanisa zima likacheka na kulia. Rudolf alisimama mstari wa mbele, akacheka pamoja nao. Kicheko kile ndicho kilichomnyima usingizi mwaka huu wote, kuliko mpira wenyewe.

Mwezi uliopita alimweleza Verona wako, jikoni. Alipomaliza, Verona aliuliza, "Supu yangu umeila miaka mingapi, shemeji?"

"Hamsini na minne."

"Na harusini, walipomwekea mume wangu sabuni, wewe ulikaa wapi?"

"Kando yake."

"Ukafanya nini?"

"Nilicheka."

Verona alinyanyuka, akafungua droo, akatoa kile kipande cha sabuni cha kwenye jeneza. Alikitwaa kabla hawajakufunika. Akakiweka mezani mbele ya Rudolf.

"Hii ni yako. Ilipotea njia tu. Sasa kaandike gazetini, tena jina lako lote, wasije wakamdhania mtu mwingine. Supu leo hakuna."

Emil, hatujui huko uliko kama umekwisha kuonana na baba. Kama mmeonana, na kama bado umenyamaza, basi tunakuomba usinyamaze tena. Mwambie. Ruhusa imetolewa na mwenye kosa.

Wanaokukumbuka: mkeo Verona, wanao Marta na Anton, dada yako Ludmila, aliyekuwa jikoni siku ile na redio ikisema, naye aliacha kukusifu tangu hapo, leo anakuomba radhi, wajukuu zako watano, ambao hawana tena wa kumkimbia na vitunguu vyake, na mwisho kabisa, kwa kuwa hapo ndipo mahali pake, mdogo wako Rudolf Jozef Vavrek, ambaye Jumamosi ya tarehe 21 Novemba 1953 ndiye aliyekuwa na mpira.

Hatutakusahau siku zote za maisha yetu. Na yeyote atakayekutaja mbele yetu kuanzia leo, akutaje kwa jina alilokupa mama.