Uso Unaorudi Kwenye Mlango wa Dobi

Mpendwa mshauri, msaada ninaoomba ni wa kushikwa mkono kidogo, maana mimi ni msichana mwenye haya kupita kiasi, mtu akinisemesha natazama viatu vyangu, na jambo hili siwezi kumwambia yeyote ana kwa ana. Likizo hii namsaidia mama mdogo kwenye duka lake la dobi, na kati ya chumba cha pasi na mapokezi ameweka mlango wa kioo kitupu ili wateja waone kazi inavyofanyika, fundi alikuwa ameubandika mikanda myekundu, mama mdogo akaibandua, akasema inafanana na viraka. Basi mpiga pasi wetu mrefu, tunamwita Twiga, alikuwa na furushi la shuka mgongoni, anamjibu mtu wa mapokezi huku anakwenda, akaingia kwenye kioo uso mzima, mlio wake kama mtu amefunga kitabu kikubwa, kioo kikapata ufa huku chini, na Twiga mpaka leo yuko kwake, anasema mwanga unamuumiza.

Damu ilifutwa kwa maji. Kesho yake pasi zilipowaka na mvuke kutanda, uso ukatokea, paji, pua, na mdomo ulioachama kama wa mtu aliyekatizwa neno, na pasi zikizimwa unaondoka, zikiwashwa unarudi. Akina mama wa pasi wakipita wanausalimu, "Shikamoo, Twiga," na mwenzao anaitikia kwa sauti nzito, "Marahaba, nifungulieni," wanacheka, lakini naona hakuna anayepita bila kutanguliza kiganja. Mama mdogo yeye anasema, "Mtu gani? Chukua spiriti ufute, wageni wa hoteli wanakuja kukagua," nami najifanya nafuta, nafuta pembeni, uso nauacha, kwa sababu ndiyo alama pekee iliyobaki pale. Shuleni sayansi tunasoma kwa lugha nyingine, na kwa lugha hiyo najua mvuke ni nini, ila nikisimama mbele ya ule mlango akili inarudi kwenye lugha ya nyumbani, na kwa lugha ya nyumbani ule ni uso unaonitazama.

Juzi ukatokea wa pili. Uko chini, usawa wa kiuno changu, karibu na ufa, mdogo, pua imebonyea. Kicheko kikakatika. Mmoja akauliza, "Na huyu nani tena?" Mwenzake akasema polepole, "Huyu bado hajaja." Mimi nikamwaza mtoto wa mama mdogo, Kishada, tunamwita hivyo kwa sababu hatembei, anapaa, naye huletwa dukani mchana, pasi zikiwa zimezimwa na watu wamekwenda kula. Je, nifute kama nilivyoagizwa, au nikatae, na nikikataa nitasema kwa mdomo gani?

Mwenye Haya

Mwanangu, uso mkubwa si mzimu. Ni mafuta ya ngozi ya Twiga. Maji matupu hayayatoi, na mvuke hautui sawasawa palipo na mafuta. Lugha zako zote mbili zimekwambia kweli: ni mafuta, na ni uso wa mtu. Tena mtu aliye hai. Mnamwamkia kila siku kiooni, nani kati yenu amekwenda kumjulia hali kwake? Hapo nawasuta wote, mama yako mdogo akiwa wa kwanza.

Uso mdogo ndio ulioninyima raha. Mtoto huacha alama kama hiyo anapobandika uso kwenye kioo kumchungulia mama yake. Aliyesema hajaja amekosea. Ameshakuja, akaegemea kioo chenye ufa, akaondoka mzima kwa bahati. Kioo cha kawaida kikiachia hutoka vipande virefu kama visu, na shingo yake iko usawa huohuo.

Nawe umekosea kujifanya unafuta. Alama inayoonekana kwenye mvuke tu inamlinda nani, ikiwa Kishada anafika pasi zimepoa?

Mlango huo usitumike tena hata leo. Sogezeni meza pande zote mbili, watu wapitie nyuma. Fundi aung'oe, aweke kioo kilichoimarishwa, kile ambacho kikivunjika huwa punje butu, na awaonyeshe alama ya kiwanda kwenye kona kabla hajakifunga. Kisha mikanda irudi, mmoja usawa wa macho ya Twiga, mwingine usawa wa macho ya Kishada. Wageni wa hoteli wakiiita viraka, waiite.

Unaogopa kusema? Usiseme. Mshike mama yako mdogo mkono, msimame mbele ya kioo kabla pasi hazijawaka, msubiri mvuke. Ukitokea uso mkubwa atabisha, mwache abishe. Ukitokea mdogo, nyoosha kidole tu. Anaijua pua ya mwanawe.